Nje ya Mada

Swali la saba la hojaji yangu lilikuwa hivi: "Ni jambo gani linalotishia usalama wako katika shughuli zako za ziwani?"

Mama niliyekuwa nikimhoji akanijibu neno moja.

"Upepo."

Alikuwa ameinama juu ya wavu uliotandikwa mchangani pale Port Victoria, ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, anageuza omena, dagaa wetu wa ziwani, kwa ufagio wa vijiti, jua la saa tatu likianza kuuma. Nikangoja. Nilikuwa nimefundishwa kungoja. Ukinyamaza kidogo, mtu huongeza. Hakuongeza. Basi nikamsukuma. "Na zaidi ya upepo, mama? Labda mpaka? Labda askari?"

Akainuka, akashika kiuno, akanitazama kama unavyomtazama mtoto uliyemtuma dukani akarudi mikono mitupu.

"Mwanangu, umeniuliza kinachotishia. Nimekwambia."

Usiku ule, kwenye chumba cha wageni chenye taa moja, nilifungua majibu ya siku nzima nikaanza kuyapanga. Kila jibu lilikuwa na kisanduku chake: mpaka, askari, wizi wa injini na nyavu, uvuvi haramu, siasa. Upepo haukuwa na kisanduku. Nikautia katika kile cha mwisho, namba 99, ambacho mwezi mmoja kabla nilikuwa nimekitafsiri mwenyewe: nje ya mada.

Hii ni wiki ya saba, na bado nauona mkono wangu ukibonyeza 99.

## Nilivyoingia kwenye kazi hii

Kituo kilichonituma na hojaji ile ni cha chuo kikuu cha ng'ambo. Kinachunguza usalama wa kimataifa na sera za dunia: silaha za nyuklia, vikwazo, mipaka, wakimbizi. Safari hii walitaka kujua jinsi mpaka usioonekana majini unavyozaa ugomvi, na ziwa letu lina mengi ya kusema juu ya hilo. Kisa cha Migingo, kisiwa kidogo kinachogombaniwa na Kenya na Uganda, mnakijua, sitakirudia. Walihitaji watu wa Kisumu wanaojua Kiswahili na Kijaluo, watakaozunguka fuo kuanzia Sori hadi Sio Port. Nikaomba, nikachukuliwa.

Niliomba kwa moyo wote. Februari 2022, aliyekuwa balozi wetu katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alisimama mbele ya Baraza la Usalama akazungumzia Ukraine, na akaanzia kwetu, kwenye mipaka iliyochorwa London, Paris na Lisbon bila kujali ni nani anayetenganishwa na nani. Hotuba ile niliisikiliza mara tatu. Mimi ni mtu wa Kisumu, mji uliohesabiwa kuwa Uganda hadi 1902, kalamu ilipouhamisha mkoa mzima wa mashariki wa Uganda ukaja upande huu. Nina shangazi aliyeolewa Busia ya upande wa Uganda, na akifiwa huko sisi huvuka kwa miguu. Siku ile nilisikia mambo ya dunia yakisemwa na mtu anayeyajua ya nyumbani, nikajiambia: kazi hii naitaka.

Ndiyo maana namba 99 inaniuma. Ningekuwa nimeingia kutafuta pesa tu, ningelala.

## Neno moja

Hojaji ilikuja kwa Kiingereza, na Kiingereza kina maneno mawili mahali ambapo sisi tuna moja. Kuna neno la mtu asiyepatwa na madhara, na kuna neno la nchi isiyotishwa na adui. Waliouliza walikusudia la pili. Mimi niliandika usalama, na hata leo sioni ningeandika nini kingine. Ni Baraza la Usalama, ni kamati ya usalama ya kaunti, ni usalama wa taifa.

Lakini ndilo neno hilohilo tunaloamkiana nalo. Salama? Salama. Mtu akikuuliza hivyo asubuhi haulizi habari za mpaka. Anauliza kama mmeamka wote.

Na ufuoni lina maana ya tatu ambayo kamusi haina nafasi nayo. Ukisikia "usalama wamekuja," ujue wamekuja watu wenye bunduki. Kijana mmoja wa boti aliniambia, bila kubadilisha sauti, "Usalama walitushika Jumanne, wakabeba injini." Nikayaandika maneno yake kama yalivyo, nikayatia kisanduku cha askari, nikaenda kwa mwingine. Siku tatu baadaye, nikiwa ndani ya matatu narudi Kisumu, ndipo sentensi ile iliponirudia nikaisikia vizuri. Usalama walitushika.

Ningeweza kuandika ulinzi. Nimelipima neno hilo sana. Ulinzi ungemwelekeza mama moja kwa moja kwa askari, na upepo haungetajwa, na majibu yangekaa vizuri ndani ya visanduku. Kwa hiyo siwezi kusema tafsiri ilikosea. Tafsiri ilimfungulia mlango, yeye akaingia na alichokuwa nacho, nami nikamtoa.

## Hesabu mbili

Huko Uswidi kuna Chuo Kikuu cha Uppsala, na ndani yake watu ambao kazi yao ni kuhesabu vita vya dunia nzima. Ukisoma mahali popote kwamba mwaka fulani dunia ilikuwa na migogoro kadhaa ya kivita, mara nyingi hesabu hiyo imetoka kwao. Kanuni yao ni wazi. Watu 25 wakifa katika mapigano ndani ya mwaka mmoja, huo ni mgogoro wa kivita. Wakifika 1,000, hiyo ni vita.

Kanuni hiyo naiheshimu. Bila kizingiti, kila serikali ingesema kwake kuna amani, na kila mwasi angesema kwake kuna vita. Mtu alilazimika kuchora mstari mahali fulani na kusimama nao.

Sasa njoo ziwani. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa kila mwaka katika ziwa hili, nchi zote tatu kwa pamoja, wengi wao kwa dhoruba na mawimbi yanayopindua boti. Ni makadirio kwa sababu wengi hawaandikwi popote. Boti haina orodha ya abiria. Mwili ukitokea, huzikwa. Usipotokea, familia hungoja.

Soma tena namba hizo mbili, 25 na 3,000.

Mpaka wa Kenya na Uganda majini, ambao ulinileta mimi ufuoni na hojaji, sijasikia popote kwamba umewahi kufika 25. Upepo, kwa makadirio hayo, unapita 1,000 kila mwaka. Na kisanduku kilichoandaliwa ni cha mpaka.

Mama yule naye ana hesabu yake. Niliiona siku ileile, baada ya kufunga daftari. Nyuma yake kulikuwa na banda la mabati la kuwekea gunia na debe, na kwenye mlango mistari ya mkaa imesimama kwa safu, kama ya mwalimu wa zamani anayeweka alama za mahudhurio. Nikamuuliza. Akaniambia yeye huwakopesha wavuvi petroli jioni, nao humlipa kwa omena asubuhi. Boti ikiondoka na mafuta yake anachora mstari. Ikirudi, analowesha kidole kwenye ndoo, anafuta. Akanionyesha: safu yote ya jana ilikuwa imebaki kivuli cheusi tu, imefutwa.

Chini kabisa, mbali na safu, karibu na bawaba, kulikuwa na mstari mmoja mnene.

"Na huo, mama? Hawajalipa?"

"Huo ni wa Machi," akasema. "Walikuwa wanne."

Machi ni mwanzo wa masika, na masika ya ziwani huja na upepo wake. Nilielewa kwamba boti haikurudi. Nikampa pole, akaipokea, akarudi kwenye omena zake. Sikuandika, kwa kuwa hojaji haikuwa na swali la mlango.

## Kwa nini siwatupii mawe

Kuna namna rahisi ya kuiandika makala hii: wazungu wana vituo vyao na nadharia zao, hawajui maisha yetu, basi. Nilianza kuiandika hivyo. Aya mbili nikafuta, kwa sababu si kweli ninayoijua.

Julai 1957 wanasayansi 22 walikutana Pugwash, kijiji kidogo cha pwani huko Nova Scotia, Kanada, kuzungumza juu ya mabomu ya nyuklia wakati serikali zao hazikuwa zikizungumza. Walitoka pande zote mbili za vita baridi. Hakuna aliyewachagua. Mazungumzo yaliyoanzia pale yaliendelea miaka na miaka, na mwaka 1995 yalipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Paul Doty, mwanakemia wa viumbe wa Harvard aliyekuwa na mkono katika harakati hizo, alianzisha mwaka 1973 kituo ambacho leo kinaitwa Belfer. Mwaka 1976 jarida lao la usalama wa kimataifa likaanza kutoka.

Lililonishika zaidi ni la 1991. Mabingwa wa Marekani walikuwa wametumia miaka 40 kujiandaa dhidi ya Umoja wa Kisovieti wenye nguvu. Kila kisanduku chao kilikuwa cha adui mwenye nguvu. Ghafla nchi ile ikaanza kuvunjika, na silaha zake kubwa zimetapakaa katika jamhuri nne: Urusi, Ukraine, Kazakhstan na Belarus. Watafiti wa kituo kile wakaandika ripoti, Novemba 1991, wakisema hatari sasa ni udhaifu. Ni bohari lenye mlinzi asiyelipwa. Ni kichwa cha bomu ambacho hakuna anayejua ni cha nani. Maseneta Sam Nunn na Richard Lugar waliwasikiliza, na kabla ya mwaka kwisha sheria ikapita ya Marekani kutoa fedha za kuharibu silaha za aliyekuwa adui yake. Kufikia mwisho wa 1996 Ukraine, Kazakhstan na Belarus hazikuwa na hata kichwa kimoja cha nyuklia. Katika miaka iliyofuata vichwa zaidi ya 7,000 vilizimwa.

Hiyo ilikuwa karatasi ya chuo kikuu. Iliandikwa na watu waliopata jibu lisilo na kisanduku, wakakataa kulitia 99.

Nami sikuwa na udhuru wa kutojua. Mwaka 1994 Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyoongozwa na Mahbub ul Haq wa Pakistan, ilisema usalama ni wa mtu kabla ya kuwa wa mpaka, ikataja aina saba, chakula na afya na mazingira zikiwamo. Nililisoma hilo nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nililijibia mtihani. Kisha mama akanisomea hilo somo mbele yangu, kwa neno moja, nisimtambue.

## Usiku nilioshindwa kutuma barua

Nikaandika barua pepe ndefu kwa msimamizi wa mradi. Upepo ni usalama, niliandika. Uingizwe kama tishio la kwanza.

Kabla sijaituma nilimsomea mwenzangu tuliyezunguka naye fuo, mzaliwa wa Muhuru. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Ukishauita usalama, nani atakuja?"

Sikuwa na jibu.

Kuna wanazuoni waliokuwa Copenhagen, Barry Buzan na Ole Wæver, waliolifikiria swali hili zamani. Wanasema usalama ni neno linalofanya kazi likitamkwa. Ukilitamka juu ya jambo, unalitoa katika mazungumzo ya kawaida, mahali ambapo watu hubishana na kupiga kura, unalitia katika dharura, mahali ambapo wachache huamua na wenye nguvu hutekeleza. Nilipokuwa mwanafunzi niliyaona hayo kuwa maneno ya watu wenye nafasi ya kufikiri sana. Mwenzangu wa Muhuru hajawasoma, na alikuwa amefika palepale.

Sisi tumeliona neno hili likifanya kazi. Mwaka 2009 Migingo, jiwe lisilozidi nusu ekari, liliitwa suala la usalama wa taifa. Zikaja bendera, wakaja askari, ikaja timu ya kupima mpaka kwa kufuata maandishi ya Waingereza ya 1926. Rais Museveni akasema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda, na wabunge wetu wakapandisha sauti. Katika kelele zote hizo sikumbuki mtu aliyesimama kuuliza boti zina majaketi mangapi ya kuokoa maisha. Dharura ilikuwa imeshachagua inachotaka kuona.

Basi ninataka upepo nao ukabidhiwe watu hao? Boti za doria zinazomfukuza mvuvi aliyetoka bila jaketi, wanamshika, wanabeba injini, na wanaliita hilo kumwokoa? Nililala na swali hilo siku tatu. Nakiri kwamba kwa siku mbili kati ya hizo niliona afadhali upepo ubaki nje ya mada. Huko nje angalau hakuna anayepigwa kwa ajili yake.

Siku ya tatu nilifungua tena rekodi ya mama. Si swali la saba, la nane. "Ni nani unadhani anapaswa kuhakikisha usalama wako ziwani?" Nilikuwa nimesahau jibu lake. Nalo nilikuwa nimelitia 99.

"Redio."

Katika rekodi nasikika nikicheka kidogo, kicheko cha adabu, kisha napita kwenye swali la tisa. Yeye haendi la tisa. Anaeleza. Utabiri wa ziwa wa Idara ya Hali ya Hewa husomwa redioni kwa lugha zetu, na yeye huungoja kila jioni kabla ya kufungua mtungi wa petroli. Redio ikisema mawimbi makubwa, hakopeshi. "Wananikasirikia," anasema. "Nawaambia kesho kuna ziwa pia." Baadaye kidogo, sauti ya ufagio ikiwa inakwaruza wavu, anasema neno ambalo sikulisikia kabisa siku ile: "Usalama ni mtu kurudi."

Nilisimamisha rekodi hapo nikakaa.

Nilikuwa nimetumwa kutafuta sera, na sera ilikuwa pale. Ina taarifa, ina kipimo, ina mwenye mamlaka ya kusema hapana, na ina gharama anayoibeba yeye, kwa sababu usiku asiokopesha hapati omena asubuhi. Hajaomba askari. Anaomba utabiri ufike mapema na usomwe kwa lugha inayoeleweka. Buzan na Wæver wangependa kukutana naye, nadhani, kwa kuwa amelishika neno usalama bila kuliacha lizae bunduki.

Barua niliyotuma ilikuwa fupi. Niliomba majibu yote ya 99 yafunguliwe, nikaambatisha maneno ya mama ya la saba na la nane kama yalivyo, na tafsiri yake chini.

Msimamizi alinijibu kwa upole. Mpangilio wa utafiti ulishapitishwa, alisema, na visanduku havibadilishwi katikati ya kazi, kwa kuwa majibu ya fuo za mwanzo na za mwisho yasingelinganika. Ana haki, kanuni hiyo ni ya kweli. Ila alikubali sehemu ya nyongeza mwishoni mwa ripoti, nami niiandike. Upepo na redio vitakuwa humo. Nyongeza husomwa na wachache, najua. Ripoti ya 1991 nayo ilihitaji wasomaji wawili tu wanaofaa.

## Mlango

Jumamosi iliyopita nilirudi Port Victoria bila hojaji. Nilikuwa nimechapa kurasa mbili za Kiswahili, zile zitakazoingia kwenye nyongeza, nikitaka azisikie kabla hazijaenda. Tulikaa kwenye kivuli cha banda. Nikamsomea polepole. Kwenye redio aliitikia kwa kichwa. Kwenye "kesho kuna ziwa pia" alicheka, akamwita jirani aje asikie, ikabidi nirudie.

Kisha nikafika mahali nilipoandika juu ya mlango. Nilikuwa nimeandika kwamba mstari wa Machi ni deni lisilolipwa la boti iliyozama na watu wanne.

Akanishika mkono wenye karatasi.

"Hapo umekosea."

Nikadhani ni idadi. Nikatoa kalamu.

"Si deni," akasema. "Siku ile redio ilisema mawimbi. Niliwanyima. Wakaenda kununua kwa mwingine."

Nikautazama mlango. Safu ya jana ilikuwa imefutwa yote, maji hayajakauka vizuri kwenye mabati. Ule wa chini ulikuwa umekolezwa upya; vumbi la mkaa lilikuwa bado kwenye bawaba.

"Basi mbona uliuchora, mama? Hawakuchukua mafuta kwako."

"Hawakuchukua," akasema. "Lakini waliondoka hapa."